Dole Gumba Laingia Mtihani

Usiku wa jana niliota dole gumba langu limeitwa kwenye chumba cha mtihani, na mimi mwenye mkono nimeambiwa nisubiri nje.

Nasimama kwenye korido ya chuo, pale ninaposoma mwaka wa tatu, nikiwa na vidole tisa. Hainiumi. Mlangoni amekaa chaja wa simu yangu, waya ameufunga shingoni kama tai, anakagua vitambulisho. Namwambia kuna makosa, mwanafunzi aliyesajiliwa ni mimi, Sekela Mwasomola. Anafungua daftari la mahudhurio na kupitisha kidole, ingawa hana kidole.

"Hapa aliyehudhuria ni dole," anasema. "Saa sita kwa siku, miaka mitatu, hata sikukuu. Wewe nimekuona mara mojamoja, na ulikuwa unapiga miayo."

Nilitaka kubisha, ila chaja huyo analala kitandani kwangu, na mambo yangu yote anayajua.

Mlango waliuacha wazi kidogo, kwa hiyo niliona ndani. Dole lilikuwa limekaa wima kwenye dawati la mbele, safi, ukucha umekatwa. Karatasi ilikuwa na swali moja tu, la lazima. Chaja aliingia, akakohoa, akalisoma kwa sauti.

"Jumanne, saa saba mchana, mama mzazi wa mtahiniwa aliandika ujumbe. Mtahiniwa akaujibu kwa alama ya dole. Eleza ujumbe huo ulisema nini."

"Sijui, mheshimiwa," dole likajibu. "Mimi kazi yangu ni kubonyeza. Kusoma ni kazi ya yule aliyeko nje."

Wote wakanigeukia. Hata madawati yaligeuka.

Ujumbe wenyewe niliukumbuka, yaani nilikumbuka kwamba uliingia. Wakati huo nilikuwa darasani, naangalia kwenye simu video ya dada mmoja nisiyemjua akipanga friji lake. Alikuwa amefika kwenye mayai. Ujumbe wa mama ukashuka juu ya kioo: Sekela mwanangu, habari za masomo. Ujumbe wa mama ukianza hivyo huwa ni mrefu, na mara nyingi unahusu sare za kwaya. Nikaupachika dole, nikarudi kwenye mayai.

"Basi nitausoma mimi," chaja akasema, na akausoma polepole kama anayesoma barua kanisani.

"Sekela mwanangu, habari za masomo. Ule uvimbe wa koo wa bibi yako umekua. Wanampasua Ijumaa saa mbili asubuhi. Daktari amesema tusiwe na uhakika wa sauti, inaweza isirudi. Sisi wengine wote tumeshaongea naye, umebaki wewe. Kuna maneno anataka akwambie mwenyewe, mimi amekataa kuniachia. Mpigie kabla ya hapo. Utampigia?"



"Nawe ukajibu kwa dole," chaja akasema. "Bibi ameambiwa umekubali. Tangu Jumanne hatoki karibu na simu."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi, nayo inaisha."

Nikakimbia. Nyuma yangu nikasikia vishindo, nikageuka, nikaona watu elfu moja mia nne na kumi na mbili wananifuata. Nikisimama, wanasimama. Nikikuna kichwa, wanatazama ninavyokikuna. Nikamwendea wa mbele, kijana aliyevaa miwani ya jua.

"Kaka, unanijua?"

"Hapana, dada. Mimi ni mfuasi wako tu."

"Nisaidie simu nimpigie bibi yangu."

"Bibi yako simfahamu," alisema kwa upole. "Ila ile picha yako ya Jumamosi niliipenda."

Ninashuka ngazi za chuo, na ngazi ya mwisho ni jiko la bibi kule Tukuyu. Hakuna anayeshangaa. Nje mvua inanyesha kama kawaida ya kwetu. Bibi amekaa dirishani, mahali pekee ndani ya nyumba ile mtandao unapokamata, na simu ameiweka kwenye sahani juu ya kizingiti, kioo kikitazama juu. Amevaa kitenge chake cha kwendea kanisani. Huyu ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka miwili, mama alipopata kazi mjini. Mimi ndiye mtu aliyemfundisha kupokea simu.

Nikafungua mdomo nimpe shikamoo. Shikamoo haikutoka. Zilitoka nyuso za manjano, zile za kwenye simu, zinazocheka mpaka machozi. Zikadondoka sakafuni moja moja na kubingirika mpaka chini ya meza. Nikajaribu tena, zikatoka nyingine tano.

Bibi akainama, akaziokota, akanusa moja, akazitia kwenye ungo.

"Asante kwa machenza," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwaruza. "Ila mimi namngoja Sekela."

Nilijipiga kifuani kumwonyesha kwamba ndiye mimi. Ikatoka moja inayokonyeza. Wafuasi wangu wakafika mlangoni, wakamwaga makopa mekundu kizingitini, mengi mno, kuku wakakosa pa kupita. Bibi akawashukuru wote, akawaambia wapite, kisha akarudisha macho kwenye sahani.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho.

Ndipo dole likaingia, limetoka kwenye mtihani. Lilijifuta miguu mlangoni, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau.

"Nimepewa siku moja ya marudio," likaniambia. "Naomba unipishe nikae."

"Huyu ni bibi yangu. Nitaongea naye mimi."

"Jumanne ulinituma mimi," likasema bila hasira. "Ngoja niimalize kazi yangu. Wewe lala."

"Nimeshalala."

"Basi endelea."

Nikajikuta nje, kwenye mvua, dirisha limefungwa. Ndani, dole limekaa kwenye kigoda mbele ya bibi, na bibi anaongea. Anaongea kweli, kwa mikono miwili. Anacheka, anashika goti, anatulia, anajifuta jicho kwa pindo la kitenge. Anaonyesha kitu chenye urefu wa mtoto wa miaka miwili. Dole linaitikia kwa kuinama. Mimi sisikii chochote. Hata mvua haina sauti. Napapasa ukuta nikitafuta mahali pa kuongezea sauti.

"Hutapata," alisema chaja, ambaye alikuwa amesimama kando yangu na mwavuli. "Kundi la familia ulilizima sauti mwezi wa pili. Ulipoulizwa mpaka lini, ulichagua daima."

Nikagonga kioo mpaka nikaamka.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, leo Ijumaa, jua limeshafika kitandani. Simu ilikuwa kiganjani na dole gumba liko juu ya kioo, ndivyo ninavyolala kila siku. Nikatafuta ujumbe wa mama wa Jumanne. Uliandikwa vilevile, uvimbe, saa mbili, utampigia, na dole langu chini yake.

Nikampigia bibi. Hakupatikana. Ndipo nikaona kwenye orodha ya simu zilizopigwa: Bibi, leo, saa moja na dakika nne asubuhi, dakika thelathini na nane.

Na ujumbe mpya wa mama, wa saa mbili kasorobo. "Asante sana mwanangu. Bibi yako wanamwingiza sasa hivi, anatabasamu. Anasema amekwambia yote, na wewe umetulia tu unapumua, hukumkatiza hata mara moja. Anasema hajasikilizwa hivyo tangu babu yako afariki."

Nilikaa kitandani, nikalia sana.

Naandika haya saa sita mchana. Bibi bado hajatoka, mama anasema tungoje. Dole limerudi mahali pake, kwenye mkono wa kulia. Nimeliinua mpaka usawa wa uso wangu, nikaliuliza bibi alisema nini. Nimeliuliza polepole, kwa adabu, kama mtu anayeomba daftari la kipindi alichokosa. Halijanijibu.