Viraka vya Jasi

Ukuta wa chumba cha mama ulipopasuka kutoka juu ya mlango hadi chini, nilibandika viraka vya jasi juu ya ufa. Jasi haina subira: ukuta ukisogea kidogo tu, kiraka kinakatika. Mama, ambaye miguu yake ilishagoma, tukamlaza sebuleni. Kila asubuhi nilikwenda kuvitazama viraka. Vizima. Wiki ikapita, vizima. Basi tukamrudisha kitandani kwake, penye dirisha lake la uani, ukuta mmoja na mlango.

Mchana huo nilimkuta kaka yangu, fundi lipu, ananawa mikono. Kwenye kucha zake kulikuwa na jasi.

"Ulikuwa unapaka nini?"

"Viraka vyako hivyo! Vinakatika ovyo, dada. Na unanijua, nikiona lipu imepasuka silali. Navirudishia kila alfajiri." Akacheka. "Hata ahsante sijapewa."

"Kaka, vilikuwa vinakatika? Ukuta unatembea!"

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Tulikimbia. Mlango ukagoma, ukuta ulikuwa umeilalia fremu. Kaka akausukuma kwa bega, mchanga ukatumwagikia vichwani.

"Acha! Utaushusha ukuta!"

"Nani anagonga kama polisi?" mama akaita kutoka ndani. "Si mwingie tu."

"Mama, tunakutoa dirishani."

"Mimi? Nitolewe dirishani kama mwizi?"

Dirisha lilikuwa na nondo. Kaka mwenyewe ndiye aliyezichimbia kwenye zege, ili mama yetu alale salama. Nikashika msumeno wa kukatia chuma. Kila nilipovuta, vipande vya lipu vilidondoka. Nilipopumzika, ufa uliendelea wenyewe, ukitoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Jana haukupitisha ukucha. Sasa ulikuwa unameza ngumi.

Nondo ya kwanza ikatoka. Bado mama asingepita. Nikaanza ya pili, viganja vinavuja damu.

Kaka akaenda penye ufa, akatandaza mikono, akauegemea ukuta kwa kifua chake chote.

"Toka hapo, wewe! Ukuta hautabebeka!"

"Kata, dada. Nimeushika."

Tofali likaanguka karibu na mguu wake. Hakuutoa mguu.

"Kaka yako yuko wapi?" mama akauliza. "Mbona simsikii akicheka?"

"Yupo, mama," nikasema, nikavuta msumeno kwa nguvu zote.