Siku Tatu Chini ya Turubai Moja

Kalenda haina huruma na halmashauri maskini. Siku ile ya kiangazi ilikuwa Siku ya Wajane Duniani, ikawa pia Siku ya Utumishi wa Umma, na kama hiyo haitoshi, ikawa Siku ya Olimpiki, zote tarehe moja, kana kwamba waliozipanga hawakuwa wakisalimiana. Mji wenye fedha ungefanya sherehe tatu. Mji huu ulikuwa na turubai moja, spika mbili ambazo moja ilikuwa inakohoa, na mshereheshaji mmoja aliyekwisha kulipwa kwa siku nzima. Basi ofisa utamaduni akakata shauri: wajane wakae kushoto, watumishi wakae kulia, na watoto wa shule wakimbie mjini na kuja kumalizia mbele ya jukwaa. Alijiona kapata dawa, na kwa mwaka mwingine wowote angekuwa kaipata kweli.

Safu ya mbele upande wa kushoto alikaa Mama Cherehani, mwenyekiti wa wajane, hotuba ikiwa ndani ya mkoba. Sare za zambarau walizovaa wenzake alizishona yeye mwenyewe, hata vidole bado vilikuwa vinamuuma. Jirani yake wa kiti alikuwa Bibi Mkaa, mjane mwenye ulimi usiojua kupumzika.

"Huyo mgeni rasmi kashaanza kusinzia," alisema Bibi Mkaa. "Ukisoma hotuba, piga kelele kidogo, mwenzangu. Tusije tukamlilia mtu aliyelala."

Mama Cherehani alicheka, lakini macho yalikuwa barabarani. Binti yake alikuwa kwenye zile mbio. Mtoto wa pekee, miguu mirefu kama ya baba yake.

Baba huyo alikwenda kuchimba madini nchi za mbali wakati mtoto hata meno hayajamjaa kinywani. Mwaka wa pili alikuja shemeji mtu, akakaa kwenye kiti, akapewa maji yakamshinda kunywa, akasema shimo limeporomoka na kaka yake yumo ndani. Mwili haukupatikana. Waliomboleza bila kaburi, kisha Mama Cherehani akabeba mtoto na cherehani, akahamia mji huu ambako hakuna aliyemjua, ili aanze upya. Na ujane aliufanya kwa bidii kama anavyofanya kazi zake zote. Seremala mmoja mpole alileta posa mara mbili, akarudishwa mara mbili. Picha ya marehemu ilikaa ukutani, haikuwahi kushika vumbi. Mtoto akiugua aliambiwa baba yake alikuwa jasiri, akivivia masomo aliambiwa baba yake hakuwa mvivu. Mambo mengine mama aliyaongeza chumvi, na nani angemlaumu? Binti yule alikuwa na baba wa maneno tu, na mama alihakikisha ni maneno mazuri.

"Sasa tunamwita mfanyakazi bora wa mwaka!" mshereheshaji alipaza sauti. "Kutoka idara ya maji! Kahamia kwetu juzi juzi tu, na bomba zilizokauka tangu enzi za babu zetu leo zinatoa maji!"

Akasoma jina. Jina la mtu, la baba yake na la babu yake.

Mama Cherehani alisikia yote matatu, na kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa huruma. Aliona vibaya kwamba kuna mtu mwingine anatembea na majina ya marehemu wake. Watu wanafanana majina, alijiambia, dunia ni kubwa. Kisha mtu mwenyewe akainuka upande wa kulia.

Alikuwa na kitambi na upara, vitu ambavyo yule wa ukutani hakuwa navyo. Lakini kabla ya kupanda jukwaani kupokea jokofu la zawadi alipandisha suruali kwa viwiko vyote viwili, na bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto. Mama Cherehani aliwahi kulipima bega hilo mara nyingi kuliko alivyopima kitu kingine chochote maishani. Kila shati la mtu yule alilikata upande mmoja mrefu kidogo, ili liangukie sawa. Koti alilovaa leo halikukatwa hivyo. Lilikuwa limekaa upande, na aliyelishona hakujua anamshonea nani.

Aliukumbatia mkoba wake.

"Una nini?" Bibi Mkaa alimshika mkono. "Jua hilo?"

"Yule," alisema. "Yule ni mume wangu."

"Yule nani?"

"Anayepewa jokofu."

Bibi Mkaa aligeuza shingo kutazama. Upande wa kulia mwanamke mwenye gauni la njano alikuwa amesimama, anapiga vigelegele huku anampiga picha mshindi kwa simu. Watoto wawili wadogo walikuwa wamening'inia kwenye gauni lake, wanapunga mikono. Jukwaani mtu yule alipunga kuwajibu.

Alikuwa hai. Alikuwa hai miaka yote, anakula, ananenepa, anatengeneza bomba za watu. Mama Cherehani alitaka kupiga ukunga, akajikaza kisabuni. Fikra moja tu ilimjia kichwani: mtoto asijue. Si hapa, si leo, si mbele ya mji mzima. Wakimaliza mbio atamshika mkono, waondoke, na mengine atayatafutia maneno nyumbani. Mtoto alikuwa na baba mwema. Huyu wa jukwaani hakuwa na haki ya kuja kumuua mara ya pili.

Makelele yakalipuka barabarani. Wakimbiaji walikuwa wanaingia, na binti alikuwa wa pili, kichwa kimeinuka, jasho linamchuruzika. Mgeni rasmi alikuwa ameenda msalani. Mshereheshaji, ambaye hakupenda uwanja upoe hata dakika moja, akamgeukia mtu wa idara ya maji.

"Mfanyakazi bora, hebu tusaidie kuwavika watoto medali!"

Mama Cherehani aliinuka. Bibi Mkaa akamvuta sare, akarudi kitini.

Wa kwanza alivikwa. Kisha mshereheshaji akasoma jina la wa pili, akalisoma tena na kuangua kicheko. "Jamani! Sikilizeni jina la baba yake na la babu yake! Si ndiyo yale yale ya mfanyakazi bora? Mtu na mwanawe hawa!"

Uwanja mzima ulicheka. Mtu yule naye alicheka pamoja nao. Alimtazama binti usoni, akamvika medali, akaipapasa ili ikae sawa.

"Hongera, mwanangu," alisema, kama mtu mzima yeyote anavyomwambia mtoto yeyote.

"Asante, baba," binti alijibu kwa adabu, akapiga goti kidogo. Mtu yule akasogea kwa mtoto wa tatu.

Mama Cherehani aliona yote hayo kwa macho yake mawili. Alikuwa bado hajayaamini aliposikia anaitwa mwenyekiti wa wajane. Bibi Mkaa alimnong'oneza aseme anaumwa. Lakini alikwisha kusimama, na safari hii hakukubali kuvutwa.

Kipaza sauti kilikuwa jukwaani, kando ya kiti alichorudi kukaa mtu yule. Alipomfikia, mtu yule aliinua macho na rangi ikamtoka usoni. Akainama mbele, tabasamu la kupigia picha likiwa bado midomoni, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, nakuomba. Usiniharibie siku yangu."

Dada! Mama Cherehani alikuwa amepanda pale akiwa na nia moja, asome karatasi yake na ashuke. Neno lile lilimkata maini. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, karatasi ya hotuba ikaanguka.

"Nilikuja na hotuba ya wajane," alisema. "Siwezi kuisoma. Mimi si mjane. Mume wangu hajafa, ndiye huyu aliyekaa karibu na jokofu."

Baadhi ya watu walicheka wakidhani ni mzaha wa kuanzia. Kicheko kikafifia safu kwa safu, mpaka ikabaki spika inakohoa peke yake. Mwanamke wa gauni la njano alishusha simu. Mgeni rasmi, aliyekuwa anarudi huku anafuta mikono kwa leso, alisimama njiani asijue kama ameitwa au amefukuzwa.

Binti alikuwa bado amesimama chini ya jukwaa na wenzake. Mama alimwona. Alitamani ayarudishe maneno yote kinywani.

Mtoto alipanda polepole. Hakumtazama mama yake. Alisimama mbele ya mtu yule, akamwangalia bega, upara, na viatu vilivyong'arishwa kwa ajili ya leo.

"Jina langu," aliuliza, "lile lililosomwa, ulilisikia?"

Mtu yule alilamba midomo. "Nililisikia."

"Ukajua ni mimi?"

"Mwanangu, watu walikuwa wengi, pale hapakuwa mahali pa—"

"Ulijua?"

"Nilijua," alisema.

Binti alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa. Kisha akamgeukia mama yake, akaokota karatasi iliyokuwa imeanguka miguuni pake, akaikunjua na kumpa.

"Soma hotuba, mama," alisema. "Baba yangu alishakufa."