Vidonge vya Manjano

Thuo aliugua ugonjwa usio na kidonda: usingizi ulimkimbia. Mwaka 1970, akiwa ametimiza miaka mitatu kwenye shamba alilonunua na wenzake kutoka kwa mzungu aliyerudi kwao, alienda kliniki moja mjini Eldoret, akapewa vidonge vya manjano. Akalala kama gogo.

Aliyempa vidonge hivyo kila mwezi alikuwa muuguzi wa kliniki, Sista Nanzala. Mwezi wa tano wa dawa hizo alikuja Nyaguthii, mkewe Thuo, kuvichukua. Alivipokea dirishani, asiondoke.

"Sista, mzee wangu analala lakini hapumziki. Asubuhi anayumba kama mlevi, na pombe hata haonji. Juzi ameniuliza mara tatu kama tumepanda mahindi. Na yeye ndiye alipanda!"

Maneno hayo yalimkaa Nanzala moyoni. Kesho yake alitoa kadi za wagonjwa wote waliomeza vidonge vile; walikuwa kumi na mmoja. Kila aliyekuja alimuuliza: unaamkaje, unasahau nini, ulianza na vingapi, sasa unameza vingapi? Kisha alimtembeza akifuata mstari wa sakafu, na kuandika yote katika daftari la shule. Baada ya wiki sita alikuta tisa wameongeza dozi wenyewe, na saba hawakumbuki kuota hata ndoto moja.

Kabla hajamwonyesha daktari wa kliniki, Thuo aliletwa kwa gari la maziwa, ameuma ulimi, damu kidevuni. Siku tatu nyuma Nyaguthii alikuwa amevitupa vidonge chooni. Mwili uliovizoea ukaasi. Degedege likamwangusha katikati ya ng'ombe.

"Nilitaka kumuua, mimi!" Nyaguthii alilia.

"Si wewe, Mama. Hatukukwambia kwamba haviachwi ghafla," Nanzala alijibu, na lile "hatukukwambia" likamchoma mwenyewe.

Daktari alilisoma daftari lote akiwa amesimama. "Haya nilipaswa kuyaona mimi," alisema. Wakakubaliana kumrudishia Thuo dawa, kisha wampunguzie kidogo kidogo, kila wiki mbili.

Ndoto ndizo hawakuzitarajia. Zilirudi kwa kishindo. Wiki ya nane Thuo alikuja na mkewe, macho mekundu kama pilipili.

"Sista, hivyo vidonge vilikuwa vimefunga mlango. Sasa wale wa kambini wameingia wote."

Alikuwa amekaa kizuizini miaka minne wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni kabla ya uhuru. Yaliyompata huko hakuwahi kumsimulia mtu.

Nanzala aliona mkono wake mwenyewe ukielekea kabatini. Kuongeza kimoja tu kungetosha kumnyamazisha. Akaurudisha mkono, akavuta kiti.

"Ni akina nani, Mzee?"

Thuo aliketi. Kisha akaanza kutaja majina, moja baada ya jingine, na jinsi kila mmoja alivyokufa. Nyaguthii alisikiliza akiwa ameshika leso mdomoni. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na hakuwa amesikia hata jina moja. Foleni nje ilinung'unika. Nanzala hakuandika chochote.

Mwaka ulipokwisha, Thuo alikuwa ameviacha vidonge kabisa. Usingizi wake ulibaki mfupi, saa nne hivi, na ndoto hazikumwacha. Lakini mguu wake ulikanyaga sawasawa, na alijua alichopanda na wapi. Kulipopambazuka alikaa jikoni na mkewe kabla ya kukamua, na siku alizoweza, alimweleza alichoona ndotoni.