Karoti za Bi Saumu

Asubuhi ile Bi Saumu wa Naliendele alikasirika mpaka kuku wa mtaa mzima wakarudisha ndani mayai waliyokuwa tayari kuyataga. Kisa simu. Mwanawe Zawadi, muuguzi huko Dodoma, alimwekea humo programu ya kulinda sukari na uzito: unaandika ulichokula, unaandika kipimo cha kidole, na Zawadi anayaona yote akiwa kwake. Wiki tatu Bi Saumu kaandika bila kukosa, na simu ikamsifu kila siku: "Hongera Saumu! Mboga zako ni safi!"

"Saumu, Saumu! Hata shikamoo haina!" alifoka. "Nina miaka sitini na nane mimi!"

Na sifa zote hizo, kidole asubuhi ile kilisoma sukari kumi na sita. Hajakifuta vizuri, Zawadi akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

"Mama, karoti kilo nzima kila siku unazitoa wapi huko? Andika unachokula kweli."

"Yaani mimi mwongo? Nimekuzaa, nimekunyonyesha, leo mimi mwongo?"

"Hasira hazishushi sukari, mama. Ijumaa ijayo isipokuwa chini ya kumi, nakutumia tiketi. Utakaa kwangu, nikupikie mwenyewe."

Dodoma! Na korosho ndiyo kwanza zinaanguka, nani aziokote? Bi Saumu aliitupa simu kwenye gunia. Wapo wanaoapa kwamba waliisikia ikiomba radhi.

Jirani yake Jafari, aliyekuja kurudisha jembe, akaiokota na kuitazama.

"Dada, karoti zipi hizi? Kwako mimi nimeona ming'oko ya porini tu."

"Ndiyo hiyo hiyo! Itafute humo, uone."

Jafari akaandika. Simu ikajibu: chakula hakipo.

"Hakipo!" Bi Saumu akalipiga kofi sinia la ming'oko. "Gesi iliyo chini ya bahari waliiona, ming'oko iliyo chini ya udongo kidogo tu imewashinda! Nikachagua karoti. Si inachimbwa? Si ndefu?"

"Hata muhogo unachimbwa, dada. Ming'oko ni ndugu yake muhogo, wanga mtupu. Na wewe unakula kilo!"

Bi Saumu akamkasirikia Jafari kwa kusema kweli, akajikasirikia mwenyewe, akainyakua simu na kuandika muhogo wa kuchemsha, kilo ile ile. Simu ikawa nyekundu kama pilipili, na kiuso chake kilichokuwa kikicheka kikanuna.

"Kumbe kununa unajua! Wiki tatu ulikuwa wapi?"

Tangu siku ile, bakuli zima la ming'oko likageuka vipande vitatu, kwa samaki na kisamvu. Alivitafuna kwa hasira, kimoja kimoja, kama anayemtafuna mtu.

Ijumaa kidole kikasoma tisa na nukta sita. Safari hii alipiga yeye.

"Umeona?"

"Nimeona, mama. Nisamehe."

"Bado sijakusamehe. Hiyo tiketi itumie wewe, uje uokote korosho. Na hao wenye programu waje na majembe. Nitawachimbisha ming'oko mpaka waisahau brokoli yao!"

Akakata. Simu ikawaka: "Hongera Saumu!"

"Kwanza amkia," akaiambia, akaifunika kwa ungo, akaenda zake shambani.