Mbele ya Tochi

“Hiyo ni ya kutafutia tundu la kitasa, Gaspar. Mwizi akiiona atakupa pole.”

“Na hiyo yako ni ya nini, Valerian? Ya kusimamisha treni?”

Watu walianza kucheka, lakini kicheko kilikatika njiani, maana Bi Hamida alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, ungo wa mbaazi mapajani, anamenya bila kuinua macho. Kila aliyekuwa uani kwa Apolonia Jumamosi ile alijua tochi ya Valerian ilikuwa imemsimamisha nani.

Apolonia ndiye mjumbe wa shina kwenye kipande kile cha Tabata, na ndiye muuza mkaa pia, kwa hiyo uani kwake hapakosi watu. Wanaofuata mkaa hukaa, na wanaofuata umbea hujidai wamefuata mkaa. Siku hiyo walikuwa wameitwa rasmi. Wezi walikuwa wameanza kung'oa pampu za visima, ulinzi shirikishi umefufuliwa, na kila nyumba ilitakiwa ilete mtu mmoja wachague tochi ya aina moja kwa walinzi wote. Mezani zilifika mbili, na kila moja na mtetezi wake.

Ya Gaspar, karani wa shule, ilikuwa fupi kama kidole, inaning'inia kwenye funguo zake kama pambo. Inakula betri moja ya rimoti, ile inayouzwa kila genge. Mwanga wake ulikuwa mpana na mpole, na Gaspar aliapa kwamba unakesha mpaka asubuhi bila kufifia. Ya Valerian ilikuwa nyeusi, ya alumini, imejaa kiganjani vizuri. Mdomo wake una meno ya kuvunjia kioo, kitufe kiko mkiani, na inachajiwa kwa chaja ya simu. Muuzaji wa Kariakoo alimwambia ndiyo wanayobeba askari wa nchi za wenzetu. Ukiibonyeza harakaharaka mara mbili inapepesa mwanga mkali, inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, na adui hajui ashike wapi.

Gaspar aliuliza itakuwaje ikiisha chaji katikati ya doria, na kama ni kweli inapata moto mpaka mtu anaihamisha mkono kwa mkono. Valerian alijibu kwamba ya kwake inafika bondeni hadi ng'ambo ya reli, wakati hiyo ya funguo haifiki hata mlango wa pili. Aliyasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ukweli ni kwamba hakuwa anazungumza na Gaspar. Alikuwa anasubiri Bi Hamida aseme neno, hata tusi, kwa sababu tangu mumewe aanguke, yule mama hakuwa amempa lolote zaidi ya marahaba.

Na marahaba peke yake, kwa mtu kama Valerian, ilikuwa adhabu.

Valerian ni Mngoni wa Songea. Mume wa Bi Hamida, Mzee Abdulrahman, ni Myao wa Tunduru. Wenyeji wa kusini hawahitaji kuelezwa zaidi: hao ni watani. Siku Valerian alipohamia mtaani, hajui mtu, mzee alisimama mlangoni kwake akapiga kelele kwamba mtaa umevamiwa, watu waingize kuku ndani, Wangoni wamefika. Jioni akamtumia sahani ya wali. Tangu hapo ikawa hivyo. Wote walifanya kazi Chang'ombe, mzee kwenye karakana ya vitanda, Valerian akichomelea mageti, na asubuhi waliondoka pamoja wakitukanana njia nzima. Valerian akimwambia Myao akivaa kanzu anajiona amezaliwa Maka, mzee akimwambia babu zako waliiba mbuzi wetu, na wewe umekuja kumalizia mchuzi. Kila Jumapili, akitoka kanisani, Valerian alikula kwa Bi Hamida. Mama yake mzazi alishafariki. Bi Hamida ndiye aliyebaki wa kumwambia amekonda.

Mtaa ule una desturi yake ya gizani, na aliyeianzisha ni mzee huyohuyo, zamani, doria za kwanza zilipoanza. Ukisikia hatua za mtu, unaelekeza tochi usoni mwako mwenyewe na kutaja jina. Mwenzio akishakuona, naye anajimulika. Anayekataa kujimulika, huyo ndiye mna shughuli naye. Kwa utaratibu huo watu walikuwa wamelindana miaka mingi bila kupigana kwa makosa.

Alfajiri ile Valerian alikuwa doria na tochi yake mpya, haijamaliza hata wiki. Aliona mtu anakuja kwenye uchochoro ana kitu begani. Hakujimulika. Alibonyeza mara mbili. Mtu yule akainua mkono kukinga macho, akarudi nyuma, na nyuma yake palikuwa na mtaro ambao mfuniko wake ulishavunjika. Kitu cha begani kilikuwa mswala wa Mzee Abdulrahman, aliyekuwa anawahi msikitini. Mkono wa pili ulikuwa bado mfukoni mwa kanzu.

Valerian alimtoa mtaroni mwenyewe, akambeba mgongoni mpaka barabarani, akashinda naye hospitali akiwa na tope hadi magotini. Nyonga ilikuwa imevunjika. Yote hayo mtaa uliyaona na ungeyakumbuka kwa wema. Lakini Apolonia alipomwita aeleze mbele ya watu, hofu ilimfanya Valerian awe mkali. Alisema tochi ilifanya kazi yake. Alisema mzee alipaswa kusimama.

Maneno hayo yalifika kwa Bi Hamida kabla Valerian hajafika kwake. Jumapili iliyofuata alikwenda na matunda. Mzee, kitandani, aliitikia shikamoo, akasema ahsante sana Bwana Valerian, Mungu akubariki. Bwana Valerian. Hakumwita Mngoni, hakumuuliza ameiba wapi maembe yale. Alimpokea kwa heshima zote, kama anavyopokewa mgeni asiyejulikana, na chakula kilipokuwa tayari Bi Hamida alimsindikiza mpaka mlangoni. Hakurudi tena.

Apolonia akakata mabishano. Akasema tochi haichaguliwi kwa mdomo, na kwa kuwa jua bado liko juu, wataingia stoo ya mkaa, ambayo haina dirisha hata moja. Wakaingia kwa makundi. Kwa nje zilisikika sauti za watu wanaokanyagana na wanaokatazana kuegemea ukuta. Walitoka na masizi viwikoni, na maoni yao yalikuwa yanaelekea upande mmoja. Walikiri kwamba ya Gaspar iliwaangazia stoo nzima, magunia, miguu na nyuso za wenzao, bila kuwaumiza macho. Ila ile nyeusi ilichora duara jeupe ukutani, ukaweza kuhesabu siafu. Mtaa una wezi, walisema. Tunataka ya kutisha.

Apolonia akauliza kama kuna nyumba ambayo haijasema. Bi Hamida akaweka ungo chini, akajipangusa maganda kwenye kanga.

“Nyumba yangu haijasema,” alisema. “Mume wangu hawezi kuja, nimekuja mimi. Nyie wote mmeingia humo mkasimama nyuma ya tochi. Hamna hata mmoja aliyesimama mbele.”

Akanyoosha mkono kwa Valerian, akataka ile nyeusi. Kwa Gaspar akataka funguo. Kisha akamwambia Valerian, bila ukali, kama anamtuma dukani: “Twende, mwanangu. Ukasimame pale ukutani.”

Hakuwa amemwita mwanangu tangu ajali. Valerian alimfuata.

Mlango wa bati ulifungwa nyuma yao. Kulikuwa na giza zito lenye harufu ya mkaa na magunia. Bi Hamida alimuuliza inabonyezwa wapi. Ilibidi amweleze yeye mwenyewe: kitufe cha mkiani, mama, haraka, mara mbili. Akasikia kidole chake kikitafuta. Akapata muda wa kufikiri kwamba yeye ni mchomeleaji, kwamba kila siku ya Mungu anavaa miwani nyeusi na kuwafukuza watoto wa Chang'ombe wasitazame cheche zake, watapofuka. Nani alipaswa kulijua hili kuliko yeye?

Ndipo mwanga ukampiga.

Hakuuona kama mwanga. Ilikuwa kama kupigwa kofi machoni, halafu jingine, halafu jingine kabla la kwanza halijaisha. Ukuta ulipotea. Sakafu ilikuja na kuondoka. Alinyanyua mkono, na mguu wake, bila kuulizwa, ulirudi nyuma, ukakuta gunia, na Valerian akaenda chini kwa goti na kiganja. Alitaka kusema basi, lakini hakujua aelekeze sauti wapi. Hakujua kama mbele yake kuna mtu mmoja au kumi. Alijua kitu kimoja tu, kwamba asingeweza kusimama hata angeamriwa na nani.

Tochi ilizimwa. Giza lililobaki lilijaa madoa ya zambarau.

“Na hapo ulipoangukia hakuna mtaro,” sauti ya Bi Hamida ilisema. “Na wewe una nyonga ya kijana.”

Alikuwa analia, Valerian alisikia kwenye pumzi. Kisha akaendelea, polepole. “Mkono wake ulikuwa mfukoni. Alikuwa anatoa tochi ajimulike. Mpaka leo ananiuliza: Hamida, nilichelewa?”

Valerian alibaki pale chini. Akasikia funguo zikilia, na mwanga mdogo, mpana, wa rangi ya samli ukawaka. Bi Hamida hakumuelekezea. Aliuelekeza usoni mwake mwenyewe, kwenye makunyanzi na machozi na masizi yaliyoshika shavuni.

“Ni mimi,” alisema. “Hamida.”

Walipotoka, watu waliona goti la Valerian limejaa mkaa na hawakuuliza, jambo ambalo uani kwa Apolonia halijawahi kutokea. Valerian akaomba nafasi ya kusema. Akasema nyumba yake inabadilisha neno. Walinzi wabebe zile ndogo, za kumuona mtu sura. Hiyo nyeusi ikae kwa mjumbe, itoke siku ya kutafuta kitu mbali, bondeni au relini, na yeyote atakayeielekeza usoni mwa binadamu anyang'anywe. Yupo aliyenung'unika kwamba basi wezi watawacheka, na wengine wakamuunga mkono. Apolonia aliwaacha wanung'unike, kisha akapitisha.

Bi Hamida alichukua ungo wake akaondoka bila kuaga. Valerian alimuomba Gaspar amwazime tochi mpaka asubuhi. Gaspar alichomoa funguo moja moja, akampa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na kejeli.

Magharibi ilipopita umeme ulikatika mtaa mzima, na jenereta ya baa ya jirani ikaanza kukoroma. Valerian alitembea ule uchochoro. Kwenye mtaro watu walikuwa wameweka ubao badala ya mfuniko. Alisimama juu yake kidogo, kisha akaendelea hadi kwa Mzee Abdulrahman. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo, pazia limefungwa fundo. Ndani aliona kibatari sakafuni na kivuli cha mtu aliyekaa kitini, gongo limeegemezwa pembeni.

“Nani huyo?” kivuli kiliuliza.

Valerian aliwasha tochi, akajimulika usoni. Alitaja jina lake. Mwanga ule haukumchoma macho, lakini ulimfanya ajione uchi, na akaelewa kwa nini desturi ile ilikuwa ikituliza mioyo ya watu: mtu hawezi kukudhuru akiwa amekupa sura yake namna hiyo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Nilisema ulipaswa kusimama. Ni uongo, mzee. Hukuchelewa. Mie ndiye nilipaswa kujimulika, na sikujimulika.”

Jenereta iliendelea kukoroma, mtoto wa jirani alilia akabembelezwa. Valerian hakuishusha tochi. Mkono ulianza kuchoka. Aliona mzee akilitazama gongo lake, akiugusa mguu ambao daktari alishasema hautarudi ulivyokuwa, na alijua kwamba hakuna neno lake lolote lingeufikisha mguu ule msikitini.

“Hukuchelewa,” mzee alirudia, kama anayeyapima maneno ulimini. “Umesikia, Hamida? Anasema sikuchelewa.”

“Nimesikia,” Bi Hamida alijibu kutoka jikoni.

Mzee akavuta pumzi. Sauti yake ilipotoka ilikuwa dhaifu, ila ilikuwa na ile kona yake ya zamani.

“Zima tochi, Mngoni. Sura yenyewe ya kumulikwa unayo? Utatutishia mbuzi.”

Valerian alizima. Ilikuwa bahati giza lilikuwepo.

“Babu zako walikuja usiku wakazoa kila kitu,” mzee aliendelea, “na hawakubisha hodi. Wewe angalau umejifunza hodi. Hamida, ongeza maji ya ugali, huyu ameletwa na njaa.”

“Nilishaongeza tangu alasiri,” Bi Hamida alisema. Alitoka na bakuli la mbaazi za nazi linalofuka moshi, akalitua kwenye mkeka karibu na kibatari, akasogeza gongo la mumewe apate nafasi ya mtu wa tatu.

“Panya wenu Wangoni hatuna leo,” mzee alisema, “vumilia mbaazi. Vua viatu, uninawishe mikono, maana mie siwezi kuinama. Ingia tule.”