Kigandisho cha Babu

Mzee alikuwa mtengeneza jibini, na chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba, chenye sakafu ya saruji na dirisha moja lililotazama zizi. Hapo ndipo mjukuu wake wa kike alipozoea kuja kila asubuhi kula kipande chake. Tangu mchinjaji alipomchukua Bwana Shughuli, ndama dume ambaye binti huyo alimlea kwa chupa, nyama haikupita tena kinywani mwake. Baada ya nyama akaacha mayai, na maharage akawa anayatazama tu. Alikonda mpaka mifupa ya mabega ikajichora chini ya nguo. Daktari alisisitiza apate chakula chenye nguvu, na kilichokubalika kilikuwa kimoja tu: jibini ya babu yake. Mzee alimshukuru Mola kwa upenyo huo mdogo, akaulinda kama mboni ya jicho.

Asubuhi hiyo binti aliwahi kuliko desturi. Njaa ilikuwa imemwamsha, na mzee akaiona kuwa heri.

"Mume wangu, leo waninyima?" akamtania babu yake.

"Nani amnyime mkewe? Subiri maziwa yapate joto."

Bibi, aliyekuwa akisuuza vitambaa vya kuchujia, hakuinua kichwa. "Mke mwenzangu anakula, mimi nafua. Ndoa gani hii?"

Wakacheka wote watatu. Mzee akachovya kidole katika sufuria, akaridhika na uvuguvugu wake, akavuta bakuli la maji ya chumvi. Ndani yake kilielea kipande chembamba, cha rangi ya majani makavu.

"Hicho kipande cha ngozi ni cha nini, Babu?"

"Maji yake ndiyo yanayogandisha. Bila hayo, maziwa yatabaki maziwa."

"Ngozi ya mnyama gani?"

Mkono wa mzee ulisimama juu ya sufuria.

"Dawa tu hiyo, mama," Bibi akawahi kusema. "Dawa ya maziwa."

Mzee alitamani kujificha nyuma ya jibu hilo. Lakini alikuwa ametoka kwenye msala muda si mrefu, na aliyeulizwa ni yeye.

"Si ngozi," akasema. "Ni tumbo la ndama anyonyaye. Mchinjaji akichukua ndama, nyama ni yake. Tumbo hunirudishia, nikalitia chumvi na kulikausha. Ndivyo nilivyofundishwa na baba yangu."

"Ndama yupi?"

Tangu mwaka jana zizi lao lilikuwa limetoa ndama mmoja tu kwa mchinjaji, na binti alijua hivyo kama babu yake.

"Kumbe nilikuwa namla," akasema taratibu. "Tena nakuomba uniongeze."

Mzee aliyamwaga maji ya bakuli, akaenda jikoni, akarudi na ndimu. Akayachemsha maziwa, akazikamua humo. Maziwa yalikatika mapande laini; akayachuja, akayabana kwa kiganja, akaweka bonge dogo kwenye kisahani.

"Bismillahi, mke wangu. Hii haina tumbo la mtu yeyote. Ni ndimu na maziwa."

Binti alilipeleka bonge mdomoni. Kabla hajaliuma, ng'ombe akalia nje. Ndama wake mchanga alikuwa amefungwa kando, ili maziwa yakamuliwe kwanza.

"Na yule? Naye dume," binti akasema. "Utamfuga?"

Mzee alitazama zizi, lililotosha ng'ombe wawili kwa shida. Pasipo kuzaa hapana maziwa, na dume hakamuliwi. Alitafuta moyoni ahadi moja anayoweza kuitimiza mbele ya Mungu, hakuipata.

"Hapana pa kumweka," akasema. "Wallahi ningekuwa napo..."

"Najua." Binti akarudisha bonge kwenye kisahani, kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. "Samahani, Babu."

Akashika ukuta ili ainuke, kisha akatoka.

Bibi alimfuata na chai isiyo na maziwa na mkate. Kupitia dirisha mzee alimwona mjukuu wake akinywa mafunda mawili, akaumega mkate, akamwekea yule ndama kiganjani. Ndama hakujua mkate. Alinyonya vidole vyake tu, naye akamwacha anyonye.

Mzee alibaki na kisahani mkononi, jibini ikimdondoshea maji vidoleni.