Minyiri ya Bwawa la Odeta

Odeta alikuwa na miaka arobaini na mmoja alipoanza darasa la watu wazima kwenye shule ya msingi ya kijijini kwao, Mabawe. Shule yake ya kwanza iliishia darasa la nne, mwaka ambao wazazi wake walivuka kutoka Burundi na watoto watano na godoro moja. Sasa alikuwa na mume, Leonidasi, shamba la migomba, na bwawa la perege alilolichimba kwa mikono yake mwenyewe.

Siku moja Mwalimu Ferdinand, kijana ambaye wakikutana njiani humwamkia Odeta shikamoo, alichora ubaoni wanyama wa baharini: yavuyavu, laini kama utelezi, na matumbawe.

"Hawana mifupa, hawana kichwa," alisema. "Wana mdomo tu, na minyiri, yaani mikono myembamba kama nyuzi, yenye sumu ya kunasia chakula. Wote wanaishi baharini."

Odeta alinyoosha mkono. "Mwalimu, wengine wapo bwawani kwangu."

Mhoja, mfugaji aliyekaa nyuma, akapaza sauti: "Matumbawe ya Mabawe!" Darasa zima likaangua kicheko.

"Mama, bahari iko mbali sana na hapa," mwalimu alisema kwa upole.

"Sikusema bahari. Nimesema bwawa. Wananilia vifaranga vya samaki."

Wiki iliyofuata ukaja mtihani mdogo. Wanyama wenye minyiri ya sumu wanaishi wapi? Odeta akaandika: Baharini, na bwawani kwangu. Akapata kosa. Mwalimu akaandika ubaoni, Wote wanaishi baharini, akawaambia waliokosa wainakili mara tano. Odeta akafunga daftari.

"Siandiki."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu si kweli."

"Basi usirudi darasani mpaka uandike."

Nyumbani Leonidasi alimsihi. "Andika tu yaishe. Watasema hawa waliokuja juzi wana kiburi."

"Juzi ipi? Miaka thelathini hii? Bwawa nimelichimba mimi, Leonidasi. Kilichomo ninakijua."

Kesho yake mchana aling'oa majani ya majini, akayatia kwenye chupa ya jamu pamoja na maji ya bwawa. Akaenda shuleni mapema, akaiweka juu ya meza ya mwalimu, akasimama kando yake. Sentensi ya jana ilikuwa bado ubaoni. Mwalimu alipoingia, vijidudu vyembamba kama uzi, visivyozidi ukucha kwa urefu, vilikuwa vimeshika kioo na kutandaza minyiri.

"Nilikwambia usirudi mpaka uandike," alisema Ferdinand.

"Tazama kwanza, halafu nifukuze."

Aliinama. "Naona mizizi."

Odeta akachukua njiti ya ufagio, akakigusa kimoja. Kikajikunja mara moja, kikabaki kama punje ya ulezi. Wanafunzi wakaacha madawati, wakaizunguka meza. Kidudu kidogo cha maji kikapita kikirukaruka, kikagusa mnyiri wa kijidudu kingine, kikatetemeka, kikatulia. Taratibu kikavutwa mdomoni. Mhoja, aliyekuwa ametoa simu ili apige picha ya kuchekea, akaipiga, akaikuza na kuipitisha kwa wenzake.

Ferdinand aliinuka. "Kitabu kinasema baharini, mama. Na mtihani wa taifa unasahihishwa kwa kitabu."

"Huko wanikoseshe wanavyotaka. Hawajaona. Wewe umeona."

"Alama yako nitakurudishia."

"Sikuja kuomba alama. Futa ubaoni."

Wote waligeuka kumtazama mwalimu. Alichukua dasta, akafuta neno moja, akaandika jingine juu ya vumbi la chaki: Wengi wanaishi baharini. Kisha akamgeukia Odeta.

"Haya, waeleze wenzako. Wanakulaje vifaranga?"

Odeta alieleza mpaka kipindi kikaisha. Mhoja aliuliza namna ya kuwaondoa, maana naye alikuwa na mpango wa kuchimba bwawa. Akamwambia akaushe maji, ang'oe majani yote, aache jua lipige tope wiki mbili. "Na usinicheke tena," aliongeza.

"Sikucheki, dada."

Mtihani wa taifa ulipokuja, swali lile halikuwamo. Odeta aligeuza karatasi mara mbili akilitafuta. Aliumia kidogo, kwa kuwa alishaamua angeandika nini.

Alifaulu.